Mifupa Waliyokula Mbwa

Kaeni hapa karibu wanangu, Maniten na wewe Atuan, na hiyo simu izime, mimi nitakufa mara moja tu, huyo atapiga tena.

Kibanda cha ziwani na njia yote ya mitego ya marehemu baba yenu msigawane. Ni vya Shimun, baba yenu mdogo. Usinikunjie uso, Maniten. Mmekua mkiambiwa Shimun ndiye aliyewaachia mbwa mifupa ya kulungu badala ya kuitundika kwa heshima juu ya jukwaa la miti mbwa wasikofika, kulungu wakaona tumewadharau, na mwaka uliofuata msituni hatukuona hata unyayo. Baba yenu akamwambia mbele ya watu, "Kuanzia leo kula na hao mbwa wako." Shimun akafunga viatu vyake vya theluji, akaondoka, na mpaka leo yuko mjini kwenye chumba kimoja, hana hata wa kumchemshia chai.

Mifupa ile niliiacha mimi. Tulishaivunja, tukala uboho wake, na zamu ya kuitundika ilikuwa yangu, ila wewe Maniten ulikuwa unachemka homa na theluji ilifika kiunoni, nikasema kesho. Asubuhi mbwa wanajiramba midomo. Nikanyamaza siku ile, ya pili kunyamaza kukawa rahisi zaidi, na sasa ni miaka arobaini na mmoja. Watu wa serikali wanasema kulungu walifukuzwa na barabara, na misumeno iliyomaliza misonobari mikongwe yenye zile ndevu za ukoga matawini wanazokula kulungu. Huenda. Shimun hakukata hata mti mmoja.

Mliponipeleka ziwani juzi, nyinyi mnahangaika na injini ya mtumbwi, mimi niliona nyayo za kulungu jike na ndama wake. Wa ndama ungeenea kwenye kikombe changu. Sikusema. Mtu wa kumwambia nilimwacha afukuzwe.

Mleteni. Semeni haya mbele ya watu wote, kama alivyotukanwa mbele ya watu wote. Akiwatukana, nyamazeni, amengoja sana. Kisha mwonyesheni zile nyayo, na bunduki ibaki nyumbani.

Nipandishie blanketi... hapo. Barafu iwabebe popote mtakapokanyaga. Moto wenu ushike hata kuni zikiwa mbichi... Mbona bado umekaa, Atuan? Usingoje kunizika. Nenda leo. Mimi nilisema kesho.