Mwamina Alivyomzuia Habibu Kuondoka Chuoni

Wasikilizaji wapendwa, mchana huu tunamkumbuka Mwamina Ismaily, binti wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa. Mwamina alifariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Katika ukoo wao, yeye ndiye wa kwanza kufika huko.

Mwaka wa kwanza ulimshinda kabisa. Akiongea darasani, wenzake wanacheka lafudhi yake. Makundi ya kazi yakipangwa, yeye anabaki. Alimpigia simu mama yake, Bi Hadija.

"Mama, huku sionekani. Watu wananipita tu."

"Basi rudi, mwanangu. Hapa kwetu tunakuona."

Mwaka wa pili ulipoanza, alifunga begi kweli. Lakini akishuka bwenini alimkuta msichana analia kwenye ngazi. Alikuwa Sabaha, wa Mtua kule Nachingwea, ana wiki moja tu chuoni. Mwamina akamsalimia kwa Kimwera, lugha ya kwao wote wawili, akaketi naye. Hakuondoka tena. Tangu siku ile akawa anawatafuta wageni waliojitenga, anakaa nao mpaka wapate wenzao.

Sasa hapa, wasikilizaji wapendwa, naomba mnisikilize taratibu. Nasema nilivyoambiwa.

Mwamina aliugua, akarudishwa nyumbani. Alifariki Jumanne alfajiri. Akazikwa siku hiyo hiyo, baada ya swala ya adhuhuri. Saa saba na nusu watu walikuwa wameshatoka makaburini.

Saa tisa, Jumanne hiyo hiyo, mwanafunzi mpya aitwaye Habibu, wa Mbwemkuru, alikuwa peke yake katika ukumbi wa mihadhara. Tiketi ya kurudi kwao anayo mfukoni. Habibu anasimulia:

"Dada mmoja akaja akakaa pembeni yangu. Sikusikia mlango. Akaniuliza kwetu wapi. Akasema, mimi Mwamina, usiondoke, msubiri Sabaha, yuko kwenye mtihani. Nikainama kuchukua daftari. Nilipoinuka, hayupo. Ukumbi ule una mlango mmoja, na ulikuwa mbele yangu."

Habibu akaulizia chumba cha mtihani, akasubiri nje. Sabaha alipotoka mtihanini, Habibu akampa salamu zile za Mwamina. Sabaha akawasha simu ampigie Mwamina. Ndipo akakuta ujumbe wa msiba. Akamwonyesha Habibu picha.

"Ndiye huyu," Habibu akasema.

Nilimpelekea Bi Hadija habari hizo.

"Nimemwosha mwenyewe, kwa mikono yangu hii," akasema. "Alikuwa baridi." Kisha akaniuliza, "Huyo kijana, ameondoka?"

Nikamwambia hapana, yuko chuoni, anasoma.

"Haya. Vizuri."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bi Hadija, Mzee Ismaily na ndugu wote wa Mbekenyera. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwamina. Mimi sina maelezo ya Jumanne ile, na sitajaribu kuyatafuta. Nawaomba jambo moja tu. Yupo mtu darasani kwenu, au kazini, ambaye hakuna anayekaa naye. Mfuateni leo, tungali hai.