Inua Macho, Hilaria

HILARIA: Haloo? Nani mwenzangu?

ISIDORI: Mwalimu Isidori hapa, wa mpira wa kikapu. Nipo Mbulu mjini. Ni Hilaria?

HILARIA: Ndiyo. Shikamoo mwalimu.

ISIDORI: Marahaba. Hilaria, nime—

HILARIA: Unakatikakatika! Ngoja nipande kwenye jiwe. [mkwaruzo] Haya, sema. Ila simu ni ya baba.

ISIDORI: Mwenzako Letisia ameniambia leo. Kwamba mama yako... alizikwa Alhamisi?

HILARIA: Ndiyo.

ISIDORI: Na Jumamosi ukaja kwenye mchujo.

HILARIA: Nilikuja, ndiyo.

ISIDORI: Pole sana, mwanangu. Sikujua. Nikakufokea mbele ya—

HILARIA: Si kitu, mwalimu.

ISIDORI: Ni kitu! Nilikupigia kelele, "Inua macho, inua macho." Nikakuuliza kama umeangusha sindano. Wenzako wakacheka.

HILARIA: Ningeinua macho wangeona machozi.

ISIDORI: Nikakukata alama zote za kudunda. Orodha ya timu ya mkoa inakwenda Babati kesho saa nne. Nafuta alama hizo, nakuandika.

HILARIA: Usiandike! Barua ikifika hapa baba atajua nilitoka.

ISIDORI: Kwani hakujua?

HILARIA: Nyumba yetu imetengwa, mwalimu. Tukifiwa hatuchangamani na watu mpaka wazee waturuhusu, mkosi wa kifo usiwapate. Nilitoroka kupitia kwenye mahindi. Nikashika mpira mmoja na wenzangu wote. Mmoja wao akiugua, je?

ISIDORI: Nani kaugua?

HILARIA: Hakuna bado. Silali tu.

ISIDORI: Basi kosa ni langu, siyo—

HILARIA: Mwalimu, mkono wangu wa kushoto uliuonaje?

ISIDORI: Unasemaje?

HILARIA: Wa kushoto. Pale tulipodunda tukiyazunguka mawe, nilipokuwa nahamisha mpira mkono kwa mkono.

ISIDORI: [kimya]

HILARIA: Haloo?

ISIDORI: Nipo. Sikuuangalia, Hilaria. Niliangalia kichwa tu.

HILARIA: Mama alikuwa ananifunga wa kulia kwa kanga, tangu Januari. Kila jioni. Mpira ukinitoroka ananizomea, "Mvivu huyo!" [anacheka kidogo] Na goli lenyewe hakuwahi kuliona.

ISIDORI: Nisamehe.

HILARIA: Usiniandike kwa huruma. Nipime tena.

ISIDORI: Lini sasa? Kesho saa nne—

HILARIA: Sijui. Wewe ndiye mwalimu.

ISIDORI: [mkwaruzo] ...orodha itangoja. Nitakaa nayo, wanifokee mimi. Ila siji huko kukupima kwa kujificha. Mpe baba simu.

HILARIA: Mwalimu!

ISIDORI: Salio linaisha. Mpe.

HILARIA: Atanichapa. [anashuka kwenye jiwe] Yuko zizini. Umwamkie kwanza. Na msiba uutaje kabla ya mpira. [anahema] Baba! Baba, ni mwalimu wangu.

ISIDORI: Shikamoo mzee. Poleni sana na msiba. Mzee, Jumamosi mtoto wako alikuja kwangu. Usimwadhibu. Alikuwa analia, na mimi nikawafanya watu wamcheke. Naomba nije nyumbani kwako, nisimame hata mbali, nimwangalie tena. Mzee? Unanisi—

[Simu inakatika.]