Sista Verdiana, Leo Kunywa Uji

Sista Verdiana Kisyeri anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwalaza wagonjwa usingizi na, la muhimu zaidi, kuwaamsha. Alianzia Mugumu, akahamia hapa kwetu, hospitali ya Tarime. Ukifika Bomani ukamtaja Sista wa Usingizi, bodaboda yeyote atakupeleka hadi mlangoni kwake.

Watu wazima alituachia sisi wenzake wa usingizi. Yeye alitaka watoto, ambao wengi wetu, tuseme ukweli, tunawaogopa. Mtoto akilala kwa dawa, ulimi huangukia nyuma, koo lenyewe jembamba, akiba ya hewa kidogo. Ukizubaa, midomo imeshageuka bluu. Verdiana hukunja kitenge, akakiweka chini ya mabega ya mtoto, akainua kidevu kwa vidole viwili, na hewa ikapita. Tulipoletewa mito maalumu ya kazi hiyo alishukuru, akaifungia kabatini.

Na ukali, jamani! Kabla ya upasuaji humuuliza mama kama mtoto amekula, kisha shangazi, kisha bibi, tena kwa Kikurya. Anatujua: kwetu mtoto hapelekwi kwenye kisu na njaa, lazima mtu atamfichia kitu. Na tumbo likiwa limejaa, chakula kinaweza kupanda akiwa usingizini kikaingia mapafuni.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ghati wa Matongo, alipokuwa na miaka mitatu. Uji wa moto ulimuunguza shingo, kovu likavuta kidevu mpaka kikashikana na kifua. Hakuweza kutazama juu. Siku ya upasuaji kila kitu kilikuwa tayari, ila Verdiana akaona bibi yake, Mokami, anakwepa macho. Kumbe amemnywesha mjukuu kikombe cha uji wa mtama nyuma ya wodi! Verdiana akaahirisha. Bibi akawaka, akambeba mtoto, akaapa kwamba hatarudi kwa watu wanaonyima watoto chakula.

Sisi tukasema basi, huyo ameshapotea. Verdiana alikataa. Siku yake ya mapumziko akapanda bodaboda hadi Matongo, akatoa shikamoo, akaketi jikoni, akanywa uji uleule. Akamweleza bibi kwamba njaa ya asubuhi huisha mchana, lakini pumzi ikikatika haina mchana. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea uji. Wiki iliyofuata walirudi, na safari hii bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlinda mtoto asipewe hata muwa.

Shingo ile haikunyooka, kwa hiyo mpira wa kupumulia usingepita. Verdiana akampa Ghati dawa inayomlaza mtoto huku akiendelea kupumua mwenyewe, akashika barakoa, na Daktari Zablon akaanza kwa kukata kovu. Katikati ya kazi pumzi ikaanza kukoroma, ikazidi kuwa nyembamba. Mimi Elieth nilikuwa nimeshika mashine ya kuvuta makohozi, na macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya Verdiana tu. Ilitulia. Kovu likaachia, kidevu kikainuka, mpira ukapita. Akasema asante Yesu, kisha akanigombeza kwa kukanyaga waya.

Wote tunaolaza wagonjwa usingizi hapa tumepita mikononi mwake, na hakuna ambaye hajawahi kusukumwa kwa kiwiko akiambiwa asogee amwachie mtoto apumue. Tutavikosa hata hivyo viwiko.

Ghati sasa yuko darasa la nne. Leo, tunapomuaga Sista, amekaa safu ya mbele, kidevu juu, anatutazama sote. Bibi Mokami amekuja na kibuyu kizima cha uji wa mtama na amekataza usiguswe kabla Sista hajaonja.

Sista wetu, asante kwa kila pumzi uliyotulindia. Nenda kapumzike, Mungu akupe afya na siku nyingi za kulala bila kuitwa. Ghati ndiye atakayekumiminia. Kunywa, mama, leo hakuna wa kukuuliza umekula nini.