Bwana Pasi Akunja Shuka la Mwisho, Akunjua Tanga

Tarehe 30 Juni Bwana Pasi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya ufuaji hapa hospitalini. Jina lake halisi liko kwenye faili. Sisi hatujawahi kulihitaji.

Alianza kwa kubeba matenga ya nguo chafu, akahamia kwenye mashine, kisha chumba cha pasi, mpaka akawa msimamizi. Ukimpelekea shuka lenye mikunjo hakukugombeza. Alilirudisha mezani kwako huku akipiga mluzi, nawe ukaelewa. Kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Ndiye aliyebishana na muuza sabuni mpaka tukaletewa isiyochubua, na mikono yetu inamshukuru hadi leo.

Mashuka yetu hukunjwa na watu wawili. Mwenzake Bwana Pasi alikuwa marehemu mume wangu. Walizoeana hata hawakuhitaji kuambiana. Mmoja akiinua pembe, mwingine yuko njiani.

Chama cha wafanyakazi kilipopata nafasi za kujifunza kuendesha mashua za tanga kwenye klabu ya ziwani, vijana walikimbilia mpira. Wazee wawili wa kufua wakajiandikisha, wakisema nguo inayopepea wanaijua vizuri.

Siku ya kwanza mwalimu, binti wa rika la watoto wao, aliwaamuru wabishe. Kwa watu wa mashua, kubisha ni kugeuza chombo ili kipande dhidi ya upepo. Bwana Pasi, aliyekwisha kuchoka kuitwa mbishi kazini, akajitetea kwamba yeye habishi kabisa, anasikiliza. Mume wangu akagonga ubavu wa mashua, akapiga hodi. Mwalimu bado anacheka, mashua ikaingia kwenye matete.

Cheti cha kwanza walikipata pamoja. Kabla ya cha pili mume wangu akaugua, akatutoka. Bwana Pasi alikuja msibani akasema, shemeji, mimi na mashua basi. Baadaye nilimwambia kwamba mwenzake hakuwahi kuacha shuka likiwa nusu limekunjwa, basi na yeye asimwachie hili la mashua.

Akarudi. Cheti cha pili ni cha kuendesha peke yako. Kwenye mtihani alikaa upande wake wa siku zote, akaacha nafasi ya mwenzake wazi. Mashua ikalala, maji yakaingia, akafeli. Kazini hatukumhurumia: tulimuuliza mtu anayeitwa Pasi anafelije. Alicheka, lakini chai yake ilipoa bila kuguswa.

Nafasi za klabu ni za walio kazini tu, kwa hiyo ulibaki mtihani mmoja kabla hajastaafu. Akikosa huo, ndiyo imetoka. Kila mapumziko ya mchana alikaa kwenye benchi la chumba cha pasi, kamba ya kuanikia mkononi, akihama kushoto, katikati, kulia. Wageni walimpa pole ya mgongo.

Mwezi uliopita, siku ya mtihani, upepo ulikuwa mkali. Sisi tusiokuwa zamu tulisimama gatini. Mashua ilipoanza kulala, Bwana Pasi aliinuka, akahamia ile nafasi ya mume wangu, akakaa. Mashua ikasimama wima. Nilipiga makofi kabla mwalimu hajatoa matokeo, na sikuwa peke yangu. Amepasi!

Bwana Pasi, asante kwa mashuka yaliyonyooka, kwa sabuni, na kwa mluzi uliotuanzishia asubuhi zetu. Tunakuombea afya, familia yenye furaha na upepo wa kiasi. Cheti cha tatu, wanasema, ndicho kinachoruhusu kubeba abiria, na klabu imekubali uendelee hata ukishastaafu. Usikawie, shemeji. Kofia nimeshanunua.