Kiti cha Pili Katika Chumba Kipya

Mheshimiwa mgeni rasmi; Mganga Mkuu wa hospitali hii; Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi; madaktari, wauguzi, nanyi mnaofagia, mnaofua na mnaolinda lango; wazazi wenzangu; na wewe mkwe wangu, uliyekwenda kukaa safu ya nyuma ilhali nafasi yako ilikuwa mbele: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kwanza naomba radhi. Mwaka jana Bodi iliniandikia kuniomba idhini ya kukiita chumba hiki kwa jina la marehemu binti yangu. Ikaniandikia tena. Sikujibu. Mimi niliyewasimamisha watoto wenu nje ya darasa kwa kuchelewesha insha, nilikaa na barua za watu wazima kimya, kama mtu asiyejua kuandika. Haikuwa dharau. Kila niliposhika kalamu niliandika "Ndugu Mwenyekiti", nikaishia hapo. Leo nimekuja kuyasema kwa kinywa, na mnivumilie, maana baadhi ya maneno nitakayoyatamka si ya mzee wa rika langu kuyatamka mbele ya mkwewe.

Binti yangu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Nimelisema. Msibani watu walisema "tumbo", wengine "maradhi ya kike", na jirani yangu mmoja, mtu mwema, alisema "mambo ya Mungu". Mambo ya Mungu yapo, lakini hili tusimsingizie.

Jana Mganga Mkuu alinitembeza ndani ya chumba hiki tunachokifungua, nami nawapongeza waliokijenga. Rangi bado inanuka upya. Pazia ni zito, halionyeshi kivuli. Kitanda ni imara na taa ina shingo inayopinda kila upande. Kisha daktari akanionyesha chombo chenyewe, na mimi niliyetarajia mtambo mkubwa nikaonyeshwa kitu kinachoshikwa kwa mkono mmoja kama tochi.

"Mzee, hapa hakuna kisu," aliniambia. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, na pale palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Doa likiwa dogo, ncha ya chombo hiki hupashwa moto, ikagusishwa pale, kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Mwanamke akavaa viatu vyake akaenda zake. Doa likiwa kubwa, daktari hulikata kwa kitanzi cha waya wa umeme baada ya sindano ya ganzi, na aghalabu mgonjwa hulala kwake usiku uleule.

Nikamwuliza, "Na doa hilo ndiyo saratani yenyewe?"

"Bado, mzee. Tunaliwahi kabla halijawa."

Tumezoea kuwaambia watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa. Lakini je, ufa ukionekana, chokaa ikiwapo, fundi akiwapo na mwiko mkononi, na bado ukuta ukaanguka, tumlaumu nani? Methali yetu haikufika huko.

Nikiwa bado nakisifu chumba, niliona viti. Mbele ya meza ya muuguzi vimewekwa viwili, vipya, vingali na nailoni zake. Nikauliza cha pili ni cha nani. Katibu wa hospitali akanijibu kwa furaha, "Cha mume, mzee wetu. Tunawashirikisha akina baba. Wakishakaa wote wawili, ndipo kazi inaanza."

Mheshimiwa, kiti hicho nakifahamu.

Binti yangu alikuwa fundi cherehani. Siku ya kwanza alipokuja hapa alikuwa mzima, haumwi popote. Alisikia tangazo la upimaji, akafunga kibanda chake, akawaambia wateja kwamba atarudi mchana kuwamalizia nguo zao. Akapimwa. Doa likaonekana, dogo. Chombo kilikuwapo mezani. Akaambiwa, "Nenda, uje na mwenzako." Mwenzake ni dereva wa malori ya masafa, na siku ile alikuwa ng'ambo ya mpaka. Aliporudi, mkewe alikuwa ameshika mimba, na mjamzito hafanyiwi tiba hii, husubiri ajifungue. Akajifungua. Mtoto akaota meno, akasimama, akaanza kukimbia, na baba yake bado yumo barabarani anatafuta riziki. Wanadamu tulisubiriana vizuri sana. Doa halikutusubiri.

Mara ya pili nilimleta mimi. Muuguzi aliyetupokea yumo humu, wala simlaumu, kwa sababu alifanya alivyofundishwa. Alinyanyuka kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimemsindikiza mwanangu aje atibiwe."

"Mzee wangu, wewe ni baba. Sisi tunamtaka mwenyewe."

"Mwenyewe si huyu aliyekaa?"

"Namaanisha mwenye mke."

Binti yangu akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. "Baba, kumbe nina mwenyewe! Basi si wangenifunga kengele, nisije nikapotelea malishoni?" Muuguzi akacheka. Nami nikacheka. Tulipotoka nje aliniambia, "Usijali, mzee. Nitamleta na lori lake, tuliegeshe hapo dirishani, waridhike."

Mara ya tatu alikuja na mumewe. Viti vyote viwili vikakaliwa. Utaratibu ukatimia. Lakini wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kutokwa na damu, na daktari alipompima alivua glavu, akanawa mikono taratibu mno, akasema kwamba hicho chombo hakimfai tena.

Yaliyofuata mnayajua nyinyi mliowahi kuuguza. Hospitali ya mbali, mashine za mionzi, foleni, vitambaa vya kubadilisha. Alishona akiwa amelala ubavu hadi alipoishiwa nguvu za kutunga uzi kwenye sindano. Akawa ananipa mimi nitunge, nami macho yangu hayaoni, tukawa tunahangaika wawili na tundu lisiloonekana. Harufu ile ya chumbani aliionea haya kuliko maumivu. Alimwomba mama yake afungue madirisha kila nilipobisha hodi.

Sasa nasema jambo kwa ajili ya mkwe wangu. Mji huu umemhukumu. Visimani na vilioni imesemwa kwamba alimkatalia mkewe matibabu, na ndiyo sababu leo amejificha safu ya nyuma. Nilimwuliza ana kwa ana, "Baba, ulikataa?"

"Nikatae nini, mzee? Hakuna aliyeniuliza. Yeye kwenye simu aliniambia ni utaratibu tu, nisikatize safari." Kisha akasema, "Mimi gari likianza kutoa moshi nasimama palepale. Simpigii tajiri kumwomba ruhusa ya kuzima injini."

Mimi nimesoma, yeye ameendesha. Sina la kuongeza hapo.

Nilimwomba Mganga Mkuu anionyeshe sheria inayodai mume awepo. Nampongeza kwa ukweli wake, maana alinijibu bila kupindisha: "Haipo, mzee. Ni mazoea. Tuliogopa ugomvi wa majumbani." Nauliza: mwanamume akija hapa kung'olewa jino, huagizwa aje na mkewe? Akija kupasuliwa jipu la makalio, ambalo nalo ni jambo la siri, nani humwuliza limepata idhini ya nani? Mume akitaka kumshika mkono mkewe, na amshike. Ni vyema, na wengine tungetamani tungeitwa. Lakini kumsindikiza mtu ni jambo moja, na kuwa kufuli lake ni jambo jingine.

Msidhani nazungumzia ya kale. Jana hiyohiyo, tukiwa bado tunasifu pazia, alitoka mama mmoja muuza mboga, mtoto mgongoni. Chombo kipya kimekwisha kuanza kazi, ninyi mnajua. Doa limeonekana. Nikamsikia akibishana mlangoni.

"Mume nimtoe wapi, dada, nami nimeachika?"

"Basi njoo na kaka yako."

"Kaka yangu? Nimwambie nini kaka yangu, nikamwonyeshe na picha?"

Watu wa foleni wakaangua kicheko. Akajitwika ungo wake akaondoka. Nilikijua kicheko kile. Nilitoka nje kumtafuta, nikaambiwa amekwisha kuvuka barabara. Yuko wapi leo? Nani ameagizwa kumfuata? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo sifa zangu za rangi na taa nazikomesha hapa, mpaka mama yule atakapolala juu ya kitanda kile na kuvaa viatu vyake akaenda kuuza mboga zake.

Wajumbe wa Bodi, mnakutana mwezi huu. Mtaamua ama mwanamke mzima akikubali kwa kinywa chake atatibiwa siku ileile, ama ataendelea kurudishwa akamtafute huyo mwenyewe wake. Mmesikia kwamba tangu niliposimama sijalitaja jina la mwanangu. Sikulisahau. Siwezi kuliweka juu ya mlango unaowarudisha wenzake. Kibao kile cha juu ya mlango na kibaki kitupu.

Nina ombi moja dogo, ndipo nimpishe mgeni rasmi akate utepe. Nimesimama kwa muda na magoti yangu si ya ujana. Naomba kile kiti cha pili kitolewe mle ndani, niletewe hapa nje nikikalie. Mkwe wangu, inuka, pita mbele ya watu wote hawa, ukanichukulie. Ukikileta kivue nailoni; hapa nje ndipo kazi yake ilipo.

Nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio yenu. Mkishaamua, nijulisheni. Nami nitaamua juu ya jina, na safari hii sitachelewa: nitawaandikia.