Hyasinta Tluway, Aliyepeleka Ng'ombe Mwezini

Ndugu waombolezaji, marehemu Hyasinta Tluway alizaliwa Rhotia, Karatu, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa hayati mzee Bartolomeo Tluway na dada yangu Brigita. Kipaji cha mkono alikitoa ujombani. Upande wa baba yake hawanyooshi hata mstari wa mahindi, na wasininunie, maana leo kalamu ninayo mimi, mjomba Emilian, niliyeishia darasa la tano.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1987, akamaliza sekondari Karatu mjini mwaka 1997. Madaftari yake yalijaa michoro hadi lile la hesabu.

Mwaka 1999 alianza kazi ya kuchora mabango ya loji, na simba kwenye milango ya magari ya watalii. Kikao cha mazishi kiliniagiza niishie hapo: "Andika mchoraji wa mabango, Emilian. Yale mengine ni mambo ya mapepo."

Nimesikia. Sasa naendelea.

Mwaka 2012 mtalii mmoja alimwachia sanduku la hadithi za kale za kisayansi, za vyombo vya kwenda mwezini na watu waishio chini ya ardhi. Hyasinta alizigeuza vitabu vya katuni, kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto wetu. Wale wa chini ya ardhi aliwachorea nyumba za kuchimbwa mlimani, kama za mababu zetu Wairaqw. Wasafiri wa mwezini akawapa ng'ombe, maana nani anahama bila ng'ombe?

Alipopeleka nakala mia mbili Endulen, binti mmoja wa Kimasai, Nalotuesha, alikitazama kitabu kwa muda, kisha akamuuliza: "Mama, mbona ng'ombe hawa hawana alama masikioni? Wameibwa?"

Hyasinta hakubisha. Alivirudisha vitabu vyote Rhotia, akawatia alama kwa kalamu, ng'ombe mmoja mmoja, wiki tatu nzima, alama ya ukoo wa yule binti. Leo Nalotuesha ni mwalimu. Amekuja, na darasa lake lote liko pale nyuma.

Hyasinta alifunga ndoa na Fabian tarehe 6 Septemba 2003, wakajaliwa Dorkasi na Benson. Fabian alimwachia stoo ya mahindi iwe chumba cha kuchorea, magunia yakahamia sebuleni. Mkwe wa namna hiyo tulimchagua sisi wajomba.

Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Baada ya upasuaji mkono wa kulia ulivimba, kalamu ikamshinda. Akajifunza kuchora kwa kushoto. Nilimtania kwamba ng'ombe wake sasa wanayumba kama wametoka kilabuni. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mjomba, mwezini hakuna lami."

Ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha tano aliumaliza tarehe 2 Februari 2025. Tarehe 9 alifariki nyumbani kwake, Fabian akiwa ameushika mkono ule wa kushoto.

Ameacha mume, watoto wawili, mama yake Brigita, vitabu vitano, na ng'ombe sitini na mmoja mwezini, wote wana alama.

Ukurasa ule wa mwisho umechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi mliyoishika. Kikao hakikuulizwa. Asiyeutaka ampe mtoto aliye karibu naye.

Hyasinta apumzike kwa amani ya Bwana. Vitabu vyake visipumzike.