Darasa Lililohesabiwa

RISALA YA WANAFUNZI WA KIDATO CHA PILI, SHULE YA MAZINGAOMBWE YA CHUMVINI, GONGONI, KWA MGENI RASMI BI WANJIRA, MKAGUZI MKUU WA MASOMO YA MAZINGAOMBWE. INASOMWA KWA NIABA YAO NA PURITY KAHONZI.

Mgeni rasmi, Bi Wanjira. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Laban. Walimu wetu wapenzi. Mama Dena wa jikoni. Na mbuzi wa Mama Dena, ambaye leo kwa heshima yako amefungwa nyuma ya jikoni: shikamooni nyote.

KARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi tunaosoma Sihiri ya Hesabu tuna furaha isiyo kifani kukupokea katika chumba chetu. Umefika na chumvi kwenye nyusi, na tulipokuona tukakupenda pale pale, kwa sababu yuko mtu mwingine aliyefika hapa hivyo hivyo. Kiti chako tumekiweka karibu na mlango upate upepo. Dafu hilo ni lako, usione haya kulinywa tukisoma.

Tusizunguke sana. Tunajua kilichokuleta. Hatukuchungulia mkoba wa mtu, lakini hapa shuleni mtandao unapatikana mahali pamoja tu, kwenye baraza ya jikoni, na anayezungumza na simu pale hana budi kupaza sauti kuushinda mchi wa Mama Dena. Ndivyo tulivyomsikia Mwalimu Mkuu akikuambia, "Ndiyo, Bi. Ahamishwe. Na somo lenyewe tulifunge kabisa." Mchi ulisimama hewani. Tangu siku hiyo chakula hakitupiti kooni, na siku yenyewe palikuwa na wali wa nazi.

Anayetakiwa kuhamishwa ni Mwalimu Gerishom Kyalo. Risala hii ni yake kuanzia juu hadi chini, ijapokuwa mwenyewe hajui kama imeandikwa.

HISTORIA

Shule yetu ina masomo mengi mazuri. Lipo la kuruka, ingawa fagio zetu za chelewa hazina mpini na inabidi mtu aruke akiwa amechuchumaa. Lipo la mitishamba, ambalo Mama Dena husema analijua kuliko mwalimu wake. Sihiri ya Hesabu ndiyo inayoogopwa, maana katika chumba hiki idadi ikitajwa kwa sauti na chaki ikagongwa ubaoni, lazima itimie. Ukisema ndimu tano na mezani ziko nne, ya tano itakuja. Mara nyingi hutoka kwa jirani, na jirani huja nyuma yake akitukana.

Kwa hivyo tunazo kanuni zetu, na ya kwanza ni kwamba watu hawahesabiwi. Hiyo hatukuianza sisi, tumeikuta majumbani. Waulize bibi zetu wa Magarini wana wajukuu wangapi, watakujibu, "Wapo." Ukikazana watasema, "Mungu amejalia." Ukikazana tena watakuuliza umetumwa na nani. Basi mwalimu wa chumba hiki hafungui kipindi kwa kuhesabu vichwa. Huuliza swali moja tu: "Nani hayupo?" Nasi tunatazamana, na tukimkosa mtu tunamtaja kwa jina lake.

Mwalimu Kyalo anatoka Kitui. Alishuka hapa kwenye bodaboda, sanduku mapajani, mweupe kwa vumbi la chumvi, na moyoni alikuwa anatetemeka. Alituambia mwenyewe baadaye. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, na njia nzima ndani ya basi alikuwa akijiambia kwamba darasa likikushinda siku ya kwanza, limekushinda moja kwa moja. Akaingia, akakunja uso, akanyoosha kidole.

"Moja, mbili, tatu..."

Menza akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Sisi hatuhesabiwi."

"Hamhesabiwi? Kwani nyinyi ni nyota?"

Mama Dena alikuwa akipita na sufuria, akaingiza kichwa dirishani. "We mwalimu, watoto wa watu wawahesabu kama nazi za kuuza? Wacha, mwanangu! Wacha nakwambia!"

Mwalimu akaona amejua: huu ndio ule mzaha wa kumpima mgeni, na hata mpishi yumo. Akakaza sauti. Alipofika thelathini na moja tulikuwa tumekwisha, lakini alikuwa amenogewa. Akajipiga kifua. "Na mimi, thelathini na mbili! Tumetimia!" Akagonga ubao kwa chaki.

Dirisha likajifunga lenyewe, kisha likajifungua. Mwalimu akasema ni upepo. Siku hiyo, mgeni rasmi, hata nguo za kwenye kamba hazikuwa zikitikisika.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni kwamba tangu hapo ni lazima tutimie. Kengele ya kipindi ikishalia, mmoja wetu akiwa nje ya lango la shule, hesabu humvuta yeyote aliye karibu na mlango wa chumba hiki, humkalisha, na haimwachi mpaka mwenyewe arudi.

Wa kwanza alikuwa Ziro, alipopelekwa kwao na malaria. Kipindi kilipoanza tukasikia kwato. Mbuzi wa Mama Dena akaingia, akapanda kiti cha Ziro, akatulia akitazama ubao. Wavulana walimvuta, Bwana Laban akamsukuma kwa nyuma, mbuzi hakujongea. Alimaliza wiki hapo. Alikula jedwali la kuzidisha la Ziro kuanzia saba kwenda mbele, na ndiyo maana, anavyodai Ziro, mpaka leo hajui nane mara saba.

Kisha Whitney akapasuliwa kidole tumbo, na mbuzi siku hiyo alikuwa malishoni. Aliyekuwa mlangoni ni Bwana Ndirangu, dereva wa lori la chumvi, aliyeingia kuomba maji ya rejeta. Hakuondoka. Tulimsikia akimpigia mkubwa wake simu, ameinyoosha dirishani kuelekea baraza ya jikoni mpaka mtandao ukashika.

"Bosi, siwezi kuja. Niko darasani."

"Darasa gani?"

"La hesabu."

"Ndirangu, umekunywa nini?"

Kwa haki ya Mungu alisoma vizuri. Hata sasa akipita barabarani hupiga honi na kutupigia kelele jibu la swali la juzi.

Changamoto ya mwisho tunaitaja kwa unyenyekevu, kwa kuwa mhusika yumo humu ndani. Mwaka jana Mwalimu Kyalo alikwenda Kitui kumzika mama yake. Naye alijihesabu, kwa hivyo mahali pake palihitaji mtu. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni akitukemea kwa kelele, na alipojaribu kuondoka hakuweza. Alikaa nasi mpaka matanga yalipoisha. Alitufundisha mambo ambayo bado tunajitahidi kuyasahau. Tunampenda, lakini tunaona kwamba hamu yake ya kulifunga somo hili ilianzia hapo. Anaamini mwalimu akihamishwa, hesabu itavunjika. Mgeni rasmi, hesabu haijui uhamisho. Inajua mtu yupo au hayupo.

MAFANIKIO

Ziko shule zitakuambia juu ya vikombe na vyeti. Sisi tunakuambia juu ya Hope.

Hope ni mwenzetu wa Ngomeni. Mama yake alishikwa na ugonjwa wa mgongo, na Hope akabaki nyumbani kulea wadogo zake na kuanika samaki. Mbuzi akaja akakaa. Yalipopita majuma, Bwana Laban alichungulia, akaona viti vyote vina wenyewe, akasema, "Darasa limetimia, endeleeni." Nasi, kusema kweli, tulikuwa tumeanza kumzoea mbuzi. Hiyo ndiyo aibu yetu na hatutaificha.

Mwalimu Kyalo, aliyekuwa amekwisha kuikubali kanuni yetu, kila asubuhi aliuliza, "Nani hayupo?" Tukajibu, "Hope." Siku moja alipouliza, sauti zetu zilikuwa zimelegea, wengine hata hatukuinua vichwa. Akaweka chaki chini. Hakutugombeza. Kosa la kutuhesabu lilikuwa lake, na alikuwa amelibeba peke yake siku zote hizo, akiogopa hasa jambo hili: kwamba tutafika mahali tuone mtu na mbuzi ni sawa, maadamu kiti kina mwenyewe.

Jumamosi akapanda bodaboda hadi Ngomeni. Akamkuta Hope uani, mikono ina magamba mpaka kwenye viwiko.

"Mbuzi amekaa mahali pako," akamwambia.

"Basi si mmetimia, Mwalimu?"

"Tumetimia. Lakini nikiuliza nani hayupo, jibu ni wewe."

Hope akaangua kilio. Mwalimu hakujua la kufanya na mtoto anayelia, kwa hivyo akakunja mikono ya shati akaanza kugeuza samaki. Aligeuza mpaka jua likamchoma shingoni, tena vibaya, upande mmoja akiwaacha wabichi, hata mama mtu mgonjwa akacheka kitandani. Jioni wakakaa wakazungumza, wakampigia shangazi wa Magarini, naye akakubali kuja kukaa na watoto. Jumatatu Hope aliingia ananuka samaki. Mbuzi akashuka kitini bila kuambiwa, akatoka.

Ndiyo mafanikio yetu. Darasa linaombwa lipige makofi hapa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi mengi. Tulitaka fagio zenye mipini, na tulitaka mtandao ufike mbali na jikoni. Tumeyafuta. Tunaomba moja tu: Mwalimu Kyalo asihamishwe.

Tunajua alikosea. Tunajua kwenye faili yake hilo linasomeka vibaya. Lakini wapo walimu waliofuata kanuni zote hapa na hawajui majina yetu, naye alivunja ya kwanza kabisa na hajalala vizuri tangu hapo kwa kutuhofia. Tunampenda. Tumejaribu kuliandika hilo kwa namna ya kiofisi, tukashindwa.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, huenda umejiuliza Mwalimu Kyalo mwenyewe yuko wapi siku ya leo. Tulimtuma sokoni kununua chaki. Bodaboda yake ilivuka lango tulipokuwa tukikukaribisha dafu, na kengele ya kipindi ikalia. Mbuzi, kama tulivyosema, amefungwa. Bwana Laban, anayekijua chumba hiki, umemwona alivyovuta kiti chake mpaka ukutani, mbali kabisa na mlango.

Kwa hivyo tunakuomba kwa heshima zote usijaribu kuinuka bado.

Usiogope, Bi. Haiumi, hata Bwana Ndirangu atakushuhudia. Mwalimu hatakawia, na atakapoingia utasimama ukiwa huru, uweke saini yako kwenye barua ya uhamisho au usiweke. Akienda asirudi, hatujui itakuwaje, ila tunajua atakayekuwa amekaa hapo kila kengele ikilia, na Mama Dena amekwisha kuuliza unapenda mchuzi wa namna gani.

Lakini tusingependa ukubali kwa kuogopa kiti. Tunakuomba ufanye jambo moja kabla hajafika. Tazama chumba hiki. Kila kiti kina mtu. Hesabu imetulia, na hajapata kuketi mahali hapo mtu mwenye cheo kama chako. Tumetimia, mgeni rasmi, na wewe ndani yetu.

Sasa, kwa kuwa leo umeketi mahali pa mwalimu, tunakuomba ulifungue somo kama linavyofunguliwa hapa. Tuulize lile swali. Jibu tutakalokupa litakuwa moja, kwa sauti zetu zote, na tunaomba lisiwe ndilo tutakalojibu kila asubuhi mpaka tumalize shule.

Mungu akulinde njiani, akupe afya na moyo mwepesi, akurudishe kwako salama, leo hii ikiwezekana.

Ni sisi wako watiifu,
Kidato cha Pili, Sihiri ya Hesabu, Chumvini:
tumetimia, na Mwalimu wetu hayupo.